Garaji uliyoilipa mbele imefungwa: haki za parokia, shule na mtu binafsi

Katika makanisa yetu ya mashariki, motokari na moto si vitu vya fahari. Land Cruiser moja hubeba wagonjwa wa kituo cha afya, hupeleka vitabu shuleni na huwafikisha wachungaji kwenye semina. Ndiyo maana komite nyingi hukubali mpango wa matengenezo unaolipwa mbele: pesa inatolewa mwanzoni mwa mwaka, na garaji inaahidi kufanya vidanje, kubadilisha filtri na kuangalia breki kwa miezi yote inayofuata. Bei inakuwa nafuu, na keshia hasumbuliwi kila mwezi.

Kisha siku moja mlango unakutwa na kufuli. Simu ya mwenye garaji haiitiki. Wengine husema pesa imekwenda, basi. Wengine hukimbilia polisi wakitaka mtu afungwe. Mara nyingi njia zote mbili huongeza hasara. Hapa tunaeleza sheria za nchi yetu zinasema nini, na komite ifanye nini, hatua kwa hatua.

Neno la kwanza ni hili: kufunga mlango hakufuti deni. La pili ni kwamba haki isiyo na karatasi, au inayodaiwa kwa kuchelewa, hulipwa kidogo au hailipwi kabisa.

Anayelipa mbele amekopesha

Unapolipa baada ya kazi, garaji ndiyo inayokuamini wewe. Unapolipa kabla ya kazi, wewe ndiye unayeiamini garaji. Umeikopesha, hata kama hakuna aliyetamka neno mkopo, na hukuchukua dhamana yoyote.

Sheria ya mikataba inayotumika kwetu ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Kifungu cha 82 kinahusu mapatano ambayo kila upande una wajibu wake: upande mmoja usipotimiza, mwingine anaweza kudai utekelezaji, au kuomba mkataba uvunjwe na alipwe fidia. Kwa hiyo garaji iliyochukua pesa ya huduma 12 na kutoa 4 bado inadaiwa 8, au pesa ya hizo 8.

Tenganisha vitu vinne

Kosa linaloleta vurugu ni kuchanganya kila kitu katika dai moja. Ndani ya garaji iliyofungwa unaweza kuwa na vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina njia yake.

Cha kwanza ni motokari au moto yenyewe. Hiyo ni mali yako. Si mali ya garaji, na si mali ya wadai wa garaji. Fundi ana haki ya kuzuia chombo mpaka alipwe kazi aliyoifanya juu yake; sheria za OHADA zinamruhusu. Lakini kama kazi hiyo ililipwa mbele, hana sababu ya kukizuia kwa ajili yake.

Cha pili ni piesi. Kama zilinunuliwa kwa jina lako na kuwekwa kando kwa ajili ya motokari yako, na fakturi inaonyesha hivyo, una msingi wa kuzidai kama mali yako. Kama garaji iliahidi tu kuziagiza kutoka Dubai au Kampala, unachodai ni pesa.

Cha tatu ni pesa ya huduma ambazo hazikufanyika. Hapa wewe ni mdai kama wadai wengine.

Cha nne ni kazi iliyofanywa vibaya kabla ya garaji kufungwa. Hiyo ni fidia, na inahitaji ushahidi wa fundi mwingine aliyeangalia chombo na kuandika alichokiona. Usitengeneze kasoro kabla haijaandikwa na kupigwa picha.

Dai kitu cha kwanza na cha pili haraka kuliko vingine, kwa sababu vinaweza kuondolewa usiku mmoja. Mara nyingi anayefunga geti si mwenye garaji bali mwenye kiwanja, kwa sababu ya kodi ya miezi mingi. Mwenye kiwanja anaweza kudai vifaa vya mpangaji wake. Lakini anajua kwamba motokari zilizo ndani ya garaji ni za wateja. Mwonyeshe karte rozi, mwachie kopi, na omba kwa maandishi chombo kitolewe mbele ya mashahidi.

Garaji ni ya nani?

Angalia fakturi au muhuri. Namba ya RCCM ni namba ya garaji katika rejista ya biashara, na inakusaidia kujua unamdai nani hasa.

Kama ni biashara ya mtu mmoja, ile tunayoizoea kuiita établissement, hakuna ukuta kati ya garaji na mwenyewe. Kifungu cha 245 cha sheria ya ardhi na mali ya tarehe 20 Julai 1973 kinasema kwamba mali yote ya mdaiwa, ya leo na ya kesho, ni dhamana ya wadai wake. Garaji ikifungwa, yeye binafsi bado anadaiwa.

Kama ni kampuni ya SARL, kampuni ndiyo inayodaiwa. Wenye hisa kwa kawaida hawapotezi zaidi ya walichoweka ndani. Hata hivyo, meneja aliyefanya makosa katika uongozi anaweza kuwajibishwa yeye mwenyewe.

Kama bango limebadilika na rangi mpya imepakwa, uliza: ni kampuni ileile yenye jina jipya, au biashara imeuzwa? Kampuni iliyobadilisha jina tu inabaki na madeni yake yote. Aliyenunua biashara habebi madeni ya zamani moja kwa moja, ila kama alikubali kuyabeba. Basi unaendelea kumdai yule uliyefanya naye mapatano. Mnunuzi akisema ataheshimu karti zenu za matengenezo, mwombeni aandike na asaini.

Nani anasaini kwa ajili ya parokia?

Hapa makanisa huanguka mara nyingi. Chini ya sheria 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyotafuta faida, mwenye utu wa kisheria kwa kawaida ni Jumuiya, si parokia. Barua kali iliyosainiwa na mwenyekiti wa komite ya parokia peke yake inaweza kukataliwa mahakamani bila hata kusikilizwa. Komite iandae dosie, lakini mwakilishi wa kisheria wa Jumuiya asaini, au atoe barua ya kumpa mtu mamlaka. Angalieni pia jina lililo kwenye karte rozi na kwenye risiti. Kama pesa ya parokia ilitumwa kutoka simu ya shemasi, shemasi huyo aandike na kusaini kwamba alilipa kwa niaba ya parokia.

Siku za kwanza: fanya haya

1. Kusanya karatasi zote: mkataba, karti ya matengenezo, fakturi, risiti, ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na mazungumzo ya WhatsApp. Sheria ya OHADA kuhusu biashara ya tarehe 15 Desemba 2010, kifungu cha 5, inaruhusu kuthibitisha deni dhidi ya mfanyabiashara kwa njia zote, hata za elektroniki. Usifute kitu, na usibadilishe simu kabla hujahifadhi kopi.

2. Piga picha ya geti, bango, tangazo lolote lililobandikwa, na motokari yako kama inaonekana.

3. Tafuta wateja wengine. Madai mengi yanayofanana hubeba uzito, na avoka mmoja anaweza kuwasaidia wote.

4. Andika barua ya kumtaka mdaiwa atimize wajibu wake. Kwa Kifaransa inaitwa mise en demeure. Taja tarehe ya malipo, kiasi, huduma zilizotolewa, zinazobaki, unachotaka, na siku ya mwisho ya kujibu. Ipeleke kwa mkono na mtu asaini amepokea. Kama hakuna anayesaini, itumwe kupitia huissier.

5. Acha kulipa. Kama mpango wenu ulikuwa wa malipo ya kila mwezi, simamisheni, na mwandike sababu. Anayeshindwa kufanya kazi hawezi kudai malipo ya kazi hiyo.

Namna ya kuhesabu deni

Tuseme parokia ililipa dola 600 kwa huduma 12, na garaji ikafanya 4. Dola 600 ukizigawa kwa 12 ni dola 50 kwa kila huduma. Huduma 8 zinabaki, basi deni ni dola 400.

Garaji inaweza kujibu kwamba bei ya kawaida ni dola 60, na zile 4 zihesabiwe hivyo: 240 zimetumika, 360 zinabaki. Msikubali haraka. Punguzo lilikuwa sehemu ya mapatano, na si ninyi mliovunja. Hesabu ya garaji ingekuwa na nguvu kama mkataba ungesema wazi kwamba punguzo linapotea mkataba ukikatika kabla ya mwisho. Someni mkataba kabla ya kubishana.

Kama kuna kazi nyingine ambayo hamjailipa, iandikeni pia katika hesabu. Kuificha kunaharibu ukweli wa dosie yote.

Kwenda mahakamani bila kupotea

Nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria hizo zinatoa njia mbili fupi ambazo wengi hawazijui.

Ya kwanza ni injonction de payer. Inafaa kwa deni la pesa linalotokana na mkataba, lenye kiasi kinachojulikana na ambalo muda wake wa kulipwa umefika. Unapeleka ombi na karatasi zako kwenye mahakama ya mahali anapokaa mdaiwa. Jaji akiona msingi, anatoa amri ya kulipa bila kuita kwanza pande zote. Amri hiyo lazima ifikishwe kwa mdaiwa kupitia huissier katika muda uliowekwa, la sivyo inakufa. Mdaiwa ana haki ya kuipinga. Akifanya hivyo, mahakama hujaribu kwanza kuwapatanisha, na wasipopatana kesi inasikilizwa.

Ya pili ni injonction de délivrer ou de restituer. Hii ni kwa ajili ya kitu, si pesa: motokari, moto, piesi zako. Ni njia ya kumlazimisha anayeshikilia kitu chako akirudishe.

Mahakama gani? Inategemea kiasi na mahali. Madai madogo huenda Tribunal de paix. Kesi dhidi ya mfanyabiashara huweza kwenda mahakama ya biashara palipo nayo. Pasipo nayo, Tribunal de grande instance huchukua nafasi yake. Karani wa mahakama atakuelekeza. Asiye na uwezo wa gharama anaweza kuomba hati ya umaskini kwa wakubwa wa serikali wa mahali pake, na chama cha maavoka kina ofisi ya ushauri wa bure.

Muda pia una mwisho. Deni kati ya mfanyabiashara na mteja wake, kwa kawaida, linapotea baada ya miaka 5, kufuatana na kifungu cha 16 cha sheria ileile ya 2010. Miaka 5 ni mingi kwenye karatasi, lakini vifaa vya garaji haviwezi kungoja muda huo.

Garaji ikifilisika kisheria

Kufunga mlango na kufilisika kisheria ni mambo mawili. Chini ya sheria ya OHADA ya tarehe 10 Septemba 2015, mfanyabiashara asiyeweza tena kulipa madeni yake anapaswa kutangaza hali hiyo mahakamani katika siku 30. Asipofanya, mdai mwenyewe anaweza kuomba mahakama ifungue utaratibu huo.

Ukifunguliwa, mambo hubadilika. Wadai hawaruhusiwi tena kukimbizana kila mmoja na kesi yake ya pesa. Mahakama inamteua msimamizi, anayeitwa syndic, na kila mdai anapaswa kumpelekea dai lake na ushahidi wake katika siku zinazotangazwa gazetini. Anayechelewa anaweza kuachwa nje. Mwenye motokari au piesi zake ndani naye anapaswa kumwandikia syndic kuzidai kama mali yake.

Malipo yanafuata mstari. Mbele wanasimama gharama za mahakama, mishahara ya wafanyakazi, na mabenki yenye dhamana. Waliolipa mbele bila dhamana wanasimama mwisho. Tunalisema hili wazi ili komite isijenge bajeti juu ya pesa ambayo huenda isirudi. Tunalisema pia kwa ajili ya mafundi na vijana wa mazoezi: sheria imewaweka mbele kwa sababu jasho lao limekwisha kutumika. Si haki kuwatukana wala kuwanyang'anya vyombo vya kazi.

Jihadharini pia na malipo ya siri. Mwenye garaji akimlipa rafiki mmoja usiku wakati amekwisha kushindwa kuwalipa wengine, malipo hayo yanaweza kufutwa na mahakama.

Polisi, lini?

Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1976, kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Anayempeleka mdaiwa kwenye kituo ili "ashikwe mpaka alipe" mara nyingi huishia kulipa yeye pia, na deni linabaki palepale.

Mambo ni tofauti kama kulikuwa na udanganyifu. Kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu kinamhusu anayejipatia pesa kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila. Adhabu ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, pamoja na faini. Kifungu cha 95 kinamhusu anayetumia vibaya mali aliyokabidhiwa, kwa mfano anayeuza motokari uliyomwachia atengeneze. Aliyeendelea kuuza karti za mwaka mzima huku amekwisha kuhamisha vifaa vyake amefungua mlango wa swali hilo. Hapo pelekeni malalamiko kwa maandishi kwenye parke, pamoja na ushahidi.

Vita inapofunga garaji

Kwetu garaji haifungwi na hasara ya biashara tu. Baada ya mapigano ya Januari na Februari 2025 huko Goma na Bukavu, mabenki yalifunga milango na kazi za mahakama zikavurugika. Sheria inajua jambo lisiloweza kuzuiwa. Garaji iliyoporwa bila kosa lake inaweza kuondolewa fidia, mradi ithibitishe yaliyotokea. Lakini msiba huo haumpi mtu ruhusa ya kubaki na pesa ya kazi ambayo haikufanyika na haitafanyika.

Kama mahakama ya mahali penu haifanyi kazi, msikae bure. Mwombeni mdaiwa asaini karatasi ya kukiri deni, yenye kiasi, tarehe na mashahidi wawili. Karatasi hiyo haihitaji jaji leo, na itamrahisishia jaji kazi siku atakaporudi.

Mwenye garaji akiwa ndugu wa kanisa

Mara nyingi garaji ilichaguliwa kwa sababu mwenyewe ni mshirika wetu. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 6, aliwahimiza waamini kutafuta mtu wa kuamua kati yao kabla ya kwenda mahakamani. Upatanisho ni njia nzuri, mradi usiwe njia ya kuzika jambo. Uwe na tarehe, hesabu na saini. Ndugu anaweza kulipa dola 30 kila mwezi, au kumaliza huduma 8 zilizobaki katika garaji ya mwenzake, au kutoa piesi zenye thamani sawa. Mpatanishi asiwe mtu wa jamaa ya upande wowote. Na pesa ya parokia si ya komite: asiyekuwa mwenye mali hawezi kusamehe deni peke yake. Uamuzi wa kusamehe uandikwe katika ripoti, waumini waelezwe.

Kabla ya kulipa mbele tena

Ulizeni RCCM na anwani, na mfike mahali penyewe. Msilipe mwaka mzima. Lipeni miezi 3, au huduma 2, kisha muendelee. Lipeni kwa namba ya garaji, si kwa namba ya mtu binafsi. Mkataba useme idadi ya huduma, bei ya kila moja, na pesa irudishwe kwa hesabu gani garaji ikifungwa, ikiuzwa au ikihama. Kila huduma isainiwe kwenye karti mbili, moja ikae kwa keshia na moja kwa shofere. Kama piesi zinaagizwa, lipeni nusu, na nusu nyingine zikifika.

Garaji ikiwapa punguzo la dola 10 kwa kulipa mwaka wote, komite ijiulize kama dola hizo 10 zinatosha kulipia hatari ya kupoteza 400. Mara nyingi jibu linaonekana mara tu swali linapoandikwa kwenye ubao mbele ya wote.